Wasichana wanaacha mazoezi wakifika kidato cha pili. Nianzie wapi?

mwalimu_muheza

Habari za jioni wana jukwaa. Nasimamia michezo kwenye sekondari ya kata huku Muheza, mkoani Tanga. Wasichana wa kidato cha kwanza wanakuja kwa wingi, netiboli na mpira wa miguu. Wakiingia kidato cha pili wanapungua mmoja mmoja, na ikifika wakati wa kuchagua timu ya UMISSETA (mashindano ya michezo ya shule za sekondari) inabidi tuwabembeleze walioacha warudi. Wavulana wa rika hilohilo hawapungui.

Sababu wanazotoa ni zilezile: "naumwa tumbo", "nimetumwa", "mama hataki". Ukiuliza zaidi wananyamaza.

Hali ilivyo: masomo yanaisha saa 9 alasiri, mazoezi ni saa 10 hadi saa 12 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Kiwanja ni kimoja. Wengi wanatembea kwa miguu, wengine zaidi ya kilomita 4, na njia inapita kwenye mashamba ya mkonge. Zaidi ya nusu ni Waislamu. Vyoo vya wasichana vipo, ila viwili havina komeo. Fungu la michezo ni dogo sana.

Naomba ushauri wa vitendo kwa wanaolijua jambo hili. Kuhamasisha tumehamasisha vya kutosha.

---

kocha_wa_mabinti

Mwalimu, pole na majukumu. Jibu lako la kwanza liko kwenye ratiba uliyoandika mwenyewe. Mazoezi yakiisha saa 12 kamili, huko Tanga jua linazama kati ya saa 12 na dakika 15 hivi na saa 12 na dakika 45 hivi kutegemea mwezi. Msichana wa kilomita 4 anahitaji karibu saa nzima kufika nyumbani. Maana yake anapita kwenye mkonge gizani, siku tano kwa wiki, na akifika anakuta ndoo za maji zinamsubiri na moto haujawashwa. Mvulana akichelewa hivyohivyo anakuta chakula. Wa kidato cha kwanza bado anaonekana mtoto, kazi nyingi zinakwenda kwa dada yake mkubwa. Mwaka mmoja baadaye dada ameolewa au yuko Dar, na kazi zimehamia kwake. Ndiyo maana wanakatikia hapohapo.

Kwa hiyo anza na saa. Anza mazoezi saa 9 na dakika 10, maliza saa 10 na dakika 20. Dakika 70 zinatosha kabisa kama zimepangwa: 20 za kupasha mwili, 40 za mpira, 10 za kumalizia na matangazo. Siku tatu badala ya tano. Usichague siku tatu kwa kubahatisha. Ondoa siku ya gulio la eneo lenu, maana siku hiyo mama yuko sokoni na binti ndiye anashika nyumba. Uliza pia maji ya bomba yanatoka siku zipi, maana siku hizo foleni ni ndefu na ndiye anayetumwa.

Saa 9 kuna jua kali, hasa Februari na Machi. Mazoezi ya viungo na ya kupigiana pasi fupi yafanyieni upande wenye kivuli, kila dakika 15 wanywe maji, na kila mtu aje na chupa yake.

Halafu kiwanja. Kiwanja kikiwa kimoja, wavulana ndio wanakaa katikati na wasichana wanasukumwa kwenye kona yenye mchanga. Ratiba ya kiwanja iandikwe, isainiwe na mkuu wa shule na ibandikwe: siku tatu hizo, wasichana wanaanza na kiwanja chote, wavulana wanaingia wakitoka wao. Wavulana ndio wasubiri kwa sababu wao wanaweza kuchelewa kurudi. Ratiba hii huharibika wiki ambayo wavulana wana mechi. Kila mtu anasema "leo tu", na hiyo leo haiishi. Kama mechi inalazimu, wasichana wafidiwe siku ndani ya wiki ileile, na iandikwe kwenye ratiba.

Gawa na mipira. Andika kwenye daftari la vifaa kwamba mipira fulani ni ya wasichana, ufunguo mmoja wa stoo akae nao nahodha wao. Timu inayopewa mpira uliochubuka baada ya wengine kumaliza inajua imewekwa wapi.

Kabla ya yote hayo, kusanya sababu za kweli. Usiwaulize mbele ya wenzao. Mwalimu wa kike awape vikaratasi visivyo na majina, swali moja tu: "Ni kitu gani kingekufanya usije mazoezini kesho?" Swali la "kwa nini umeacha" wanalisikia kama shutuma. Vikaratasi vipangwe kwa mafungu: kazi za nyumbani, giza na njia, hedhi, nguo, mzazi, kejeli, mtu fulani. Fungu kubwa ndilo la kuanza nalo, hata kama si hili la saa nililolipigia debe mimi.

---

muuguzi_kata

Nakubaliana na kocha kuhusu saa, lakini "naumwa tumbo" ya kidato cha pili isipuuzwe. Umri wa miaka 13 hadi 15 ndio hedhi inaanza kuja mara kwa mara na matiti yanakua. Mambo haya mawili hayasemwi kwa mwalimu wa kiume, kwa hiyo yanasemwa kama tumbo.

Hedhi yenyewe haizuii kucheza, na kwa wengi mazoezi mepesi hupunguza maumivu. Kinachozuia ni hofu ya kuchafuka hadharani na kukosa mahali pa kubadilisha. Pedi ibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 6. Aliyevaa saa 11 alfajiri na kuingia mazoezini saa 9 alasiri bila kubadilisha atavuja, hilo halina mjadala. Kwa hiyo dakika kumi kabla ya mazoezi ziwe za choo, kwa wote, bila mtu kuomba ruhusa. Komeo za vyoo viwili wekeni wiki hii. Hiyo ni kazi ya fundi mmoja na bisibisi. Ndani kuwe na ndoo ya maji, kata, na ndoo ya taka yenye kifuniko. Mwongozo wa taifa unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20, lakini tundu moja lenye komeo na maji linasaidia kuliko matano yaliyo wazi.

Taulo za kufua zinaweza kushonwa palepale shuleni. Juu, panapogusa mwili, ni flana ya pamba. Katikati tabaka tatu au nne za flana au taulo nyembamba. Chini kitambaa kisichopitisha maji. Cha mwavuli kinafaa. Urefu sentimita 25, upana katikati sentimita 6 au 7, na mabawa mawili yenye kifungo cha kubonyeza yanayokunjwa chini ya chupi. Flana ifuliwe na kukauka kabla ya kukatwa, la sivyo itarudi ikishashonwa na taulo litajikunja. Kila msichana awe nazo sita. Zinaharibika kwa njia tatu. Kufuliwa kwa maji ya moto, na hapo damu inaganda kwenye uzi. Tumia maji baridi kwanza. Kuwekewa dawa ya kulainisha nguo, nazo zinaacha kunyonya. Na mbaya kuliko zote, kukaushwa chini ya godoro kwa aibu, zikashika ukungu na kuleta muwasho. Zianikwe juani. Kama wanaona haya, tandika khanga nyepesi juu yake.

Bukta ziwe nyeusi au bluu ya kuiva. Msione ni jambo dogo: timu ya taifa ya wanawake ya Uingereza iliacha bukta nyeupe 2023, na mwaka huohuo Wimbledon ikaruhusu wachezaji wanawake kuvaa bukta za ndani za rangi ya kuiva chini ya mavazi meupe. Shule nyingi zetu bado zinavalisha wasichana sketi nyeupe za netiboli.

Sidiria. Titi halina msuli ndani yake, linashikiliwa na ngozi na nyuzi nyembamba, kwa hiyo likirukaruka bila kushikwa linauma. Wasichana wengi wanajibana kwa kitenge au wanavaa sidiria mbili. Kitenge kikikazwa kinazuia mbavu kutanuka, ndipo unaona mtu anahema baada ya mzunguko mmoja. Sidiria ya michezo nzuri inapatikana mitumbani ukijua kuchagua. Uzito mwingi unabebwa na mkanda wa chini, si kamba za mabegani. Vuta mkanda huo: usiporudi, lastiki imekufa, iache. Akivaa, vidole viwili vipite chini ya mkanda kwa shida kidogo. Anyanyue mikono, mkanda ukipanda juu, ni kubwa. Aruke mara kumi palepale. Kamba ziwe pana. Mwalimu wa kike au mama ndiye asimamie upimaji huu, nje ya darasa.

La mwisho ni damu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta zaidi ya wanawake 4 kati ya 10 wenye miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Msichana aliyekuwa anakimbia vizuri akaanza kuchoka, kuona kizunguzungu na moyo kudunda akipanda kilima, mpelekeni zahanati apimwe. Chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Msimwite mvivu. Wengi wanafika saa 9 hawajala tangu uji wa asubuhi. Dagaa, maharage na mchicha vinasaidia zaidi vikiliwa na chungwa, nanyi Muheza machungwa mnayo. Chai ikae mbali na chakula angalau saa moja, maana inazuia madini ya chuma kufyonzwa.

Anayebadilisha pedi kila saa moja kwa saa kadhaa, au anayetoka damu zaidi ya siku 7, hilo ni la hospitali. Vivyo hivyo anayefanya mazoezi makali na hedhi ikakatika miezi mitatu: kwanza ahakikishwe si mjamzito, kwa siri na bila kutangazwa, kisha aangaliwe kama anakula kiasi kinacholingana na anavyokimbia.

---

mwalimu_muheza

Asanteni sana. Maswali mawili. Baadhi ya wazazi wanasema mpira na hijabu haviendi pamoja, na kuna mwalimu mwenzetu anaamini refa atamtoa mchezaji aliyejifunika. Pili, sisi walimu wa michezo wote ni wanaume. Mzazi akisema "simwachi binti yangu na ninyi jioni", nimjibu nini?

---

filimbi_ya_pili

Hilo la refa nijibu mimi. Hijabu inaruhusiwa. IFAB, chombo kinachotunga sheria za mpira wa miguu, ilianza kuijaribu 2012 na kuipitisha rasmi Machi 2014. Kwenye mpira wa kikapu, FIBA, shirikisho lao la dunia, ilifuata 2017. Refa anayemtoa mchezaji kwa sababu hiyo amekosea sheria, na unaweza kulalamika kwa afisa michezo.

Masharti ni haya: iwe nyeusi au rangi kuu ya jezi, wote wanaojifunika kwenye timu wavae rangi moja, isiunganishwe na jezi, isiwe na sehemu inayoning'inia, isihatarishe mtu. Pini ndizo zinazowaponza wachezaji. Mtandio wa kawaida unafungwa kwa pini, refa akiiona lazima amwambie atoe, na msichana anasikia kwamba amekatazwa hijabu. Mshonee ya kuvaa kichwani kama soksi: kitambaa cha jezi chenye mvutano, tundu la uso lenye lastiki laini, iishie shingoni. Chagua kitambaa kinachopitisha hewa, maana nailoni nzito kwenye joto la Tanga haivumiliki. Ijaribiwe kwa kupiga kichwa na kugeuka ghafla. Ikizunguka na kufunika jicho, tundu ni kubwa.

Taiti ndefu chini ya bukta zinakubalika, rangi yake ifanane na bukta, na timu nzima rangi moja. Fulana ya mikono mirefu ndani ifanane na rangi ya mikono ya jezi. Mchezaji anaweza kujisitiri kifundo hadi kifundo na akacheza dakika 90 kihalali. Hapa ndipo shule hukosea: wanaagiza seti ya jezi za mikono mifupi peke yake, kisha wanashangaa mlinzi wao bora kubaki nyumbani siku ya mashindano. Unapoagiza, agiza na taiti na hijabu za rangi hiyohiyo kwenye oda ileile, ili anayevaa asionekane wa pembeni.

Ramadhani msisimamishe kila kitu. Wanaofunga wapewe dakika 30 za kugusa mpira na mbinu bila mbio, anayetaka kupumzika apumzike, na nafasi yake kwenye timu isiguswe.

---

afisa_ustawi

Mwalimu, kuhusu huyo mzazi: msimbishie. Anauliza swali la maana na anastahili jibu lenye majina na saa.

Mnahitaji mwanamke uwanjani kila siku ya mazoezi. Si lazima ajue mpira. Mwalimu wa kike wa somo lolote, matroni, au mama anayekubalika kijijini. Kazi yake ni kuwepo, kushika daftari la mahudhurio, kuwa na pedi mbili tatu kwenye mkoba, na kuondoka wa mwisho. Mlipeni nauli au chochote mlichonacho. Mkimtegemea kwa hisani tupu ataacha baada ya muhula.

Kanuni za kocha ziandikwe na zisainiwe. Kocha na mchezaji mmoja wasikae wawili peke yao, si stoo, si ofisini, si kwenye pikipiki. Ujumbe wa simu uende kwenye kundi ambalo matroni na wazazi wamo, si kwa binti mmoja mmoja. Vipimo vya nguo na kuchua misuli vifanywe na mwanamke. Kwenye kambi ya mashindano matroni alale bweni moja na wasichana, na orodha ya walioingia isomwe kabla ya taa kuzimwa. Kocha mwema kanuni hizi zinamlinda pia. Anayezikataa, msimpe timu.

Wasichana wenyewe waambiwe pa kusema: simu ya bure ya huduma kwa mtoto ni 116, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016 yanatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi ujauzito. Wazazi wengi hawajui kwamba shule inaweza kuwa upande wao katika hili.

Fomu ya ruhusa isiwe mstari mmoja wa "naruhusu". Iandike siku, saa ya kumaliza, nani anarudi na nani kwa njia ipi, jina la mama atakayekuwepo na namba yake, nguo zitakazovaliwa, na kwamba mzazi anaweza kuja kuangalia bila taarifa. Wapangeni warudi kwa makundi ya vitongoji, asiachwe wa mwisho peke yake. Fomu ikisema saa 10 na dakika 20, siku mtakayomaliza saa 11 bila taarifa mmepoteza wazazi kumi.

Mkienda nyumbani kwa mzazi, nendeni wawili, mmoja mwanamke, kabla ya magharibi. Zungumzeni na baba kwa heshima yake, lakini msiondoke bila kumuuliza mama: saa hizo binti anafanya nini hapa? Mara nyingi mnamaliza hapohapo, kwa mfano maji yachotwe asubuhi na kaka yake. Hofu nyingine watasema kwa mafumbo: bikira, kizazi, kuwa jike dume. Hizo mwachieni muuguzi kwenye kikao cha wazazi. Kizazi kimekaa ndani ya nyonga, mbio hazikitikisi. Utando wa bikira unatofautiana kwa kila mtu na hauthibitishi lolote.

Akiuliza "atapata nini", mifano ipo: Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana, walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 huko India 2022, na Simba Queens mwaka huohuo walishika nafasi ya nne Ligi ya Mabingwa Afrika. Itajeni, ila msimwahidi ajira. Mwahidini saa ya kurudi, maana hiyo mnaweza kuitimiza.

---

muuguzi_kata

Niongeze wanaosahaulika. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni, na wapo wanaotaka kurudi uwanjani. Wakaguliwe kliniki wiki ya 6, waanze na kutembea kwa kasi na mazoezi ya nyonga, mbio zisianze kabla ya miezi mitatu. Akivuja mkojo akiruka au akahisi uzito chini, asimame na arudi kliniki. Anayenyonyesha anyonyeshe kabla ya mazoezi, na sidiria yake ipimwe upya.

---

kocha_wa_mabinti

Bado magoti, nayo mzazi akiyaona mara moja hamrudishi binti tena. Kwenye mpira na michezo ya kuruka, wasichana wanaumia kano ya mbele ya goti mara kadhaa zaidi ya wavulana, na hatari inapanda katika umri huohuo wa kubalehe. Mara nyingi hakuna aliyemgonga. Anatua au anageuka, goti linaangukia ndani, basi.

Zile dakika 20 za kupasha mwili tumieni FIFA 11+, mpango wa FIFA wa kupasha mwili ili kupunguza majeraha. Jozi sita za koni, mita 5 au 6 kati ya jozi na jozi. Chupa za maji zilizojazwa mchanga zinatosha. Dakika 8 mbio za taratibu zenye kufungua nyonga. Dakika 10 nguvu na mizani: ubao wa viwiko (kujiinua kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka) mara 3 kwa sekunde 20 hadi 30, ubavu vivyo hivyo kila upande, kupiga magoti na kuinama mbele polepole mwenzako akikushika vifundo mara 3 hadi 5 kwa anayeanza, kusimama mguu mmoja sekunde 30 mara mbili kila mguu, kuchuchumaa, kisha kuruka juu. Dakika 2 za mwisho mbio za kasi na kukata kona. Angalau mara mbili kwa wiki. Utafiti uliofanyika Norway kwa wachezaji wasichana, uliochapishwa 2008, ulionyesha majeraha kupungua kwa karibu theluthi.

Haitafanya kazi kama inafanywa kwa haraka bila kuangalia. Simama mbele yao wakitua: goti liwe juu ya vidole vya mguu, lisiingie ndani, na kutua kuwe kwa kimya. Ukisikia kishindo, arudie. Angalia na viatu. Njumu za kaka zilizojazwa matambara mbele zinateleza ndani na kulipinda goti.

Akianguka na kusema alisikia kitu kimekatika, goti likavimba ndani ya saa chache, hachezi tena siku hiyo hata kama anatembea. Barafu au kitambaa cha maji baridi dakika 15 hadi 20, mguu uinuliwe, asichuliwe, na kesho yake hospitali. Mwalimu aende naye, na amweleze mzazi mwenyewe kabla hajasikia kwa majirani.